Theluji Itayeyuka Mwezi wa Sita

Praz-Morel, Savoie
Tarehe 10 Novemba 1968

Yaya Adelaïde,

Nakusalimu wewe, dada yangu, na mwanao Honoré, na wakwe zako Papa Polycarpe na Mama Elisabeth, na shemeji yako Hilaire, na wote wa lupango ile, boma lenu la kando ya mto Lowa. Sisi wawili, mimi na bwana yako, tuko wazima. Floribert amenenepa kwa ajili ya jibini. Hataki nikuambie, lakini atasoma barua hii kabla sijaifunga, basi tutagombana kidogo. Kutoka kwetu Lushebere nilipata habari ya Papa yetu kwa mkono wa katekista. Miguu bado inamsumbua, maharage yamekubali, na anauliza kwa nini serikali ilituma watu wawili kusomea miti mahali ambapo miti haina majani.

Hata mimi niliuliza. Jibu njo hili: misitu ya huku inazuia theluji isishukie vijiji, ndiyo sababu haikatwi ovyo. Shule imetuweka kwa stage, mafunzo ya kazi, mpaka mwezi wa saba, chini ya mlinzi wa misitu anayeitwa Benoît. Ni mzee wa maneno machache. Siku ya kwanza alitazama viatu vyetu, akatikisa kichwa, akatupeleka yeye mwenyewe kwa fundi.

Theluji imeanza. Mwambie Honoré kwamba si kama mvua ya mawe. Haina sauti. Unaamka asubuhi, njia haiko tena. Tunatembea juu yake kwa mbao mbili ndefu, na chini ya mbao tunafunga ngozi yenye manyoya yaliyolalia nyuma, ili tukipanda mlima tusirudi kinyumenyume. Bwana yako, kwa kuwa alikua akikimbia nyuma ya nyavu za kuwinda katika msitu wenu, haanguki sana. Mimi naanguka kwa ajili ya wote wawili.

Juzi Benoît alituchimbisha shimo ndani ya theluji, kina cha kifua, akatuambia tutazame ukuta wake. Kila theluji iliyoanguka inalala juu ya nyingine, na kila moja inabaki na tabia ya siku yake. Juu ni laini kama unga wa muhogo. Katikati ni ngumu, kisu kinaingia kwa shida. Chini kabisa kuna chembe kama sukari, hazishikani hata ukizifinya mkononi. Alisema hatari inakaa pale chini. Ikilaliwa na theluji nzito, na mteremko ukiwa mkali kama paa la nyumba, mguu wa mtu mmoja unatosha kuporomosha mlima wote. Alitupa kila mmoja kamba nyekundu ya mita ishirini. Unaifunga kiunoni na kuiburuta nyuma yako, ili ukifunikwa, kamba ibaki juu na watu waifuate.

Namwachia mwenye mambo nafasi iliyobaki.

Ndugu yako, Isidore.

Mama Honoré, hapa ni mukono yangu mimi, Floribert. Usisikilize ile ya jibini. Mutoto akizaliwa, andika siku ileile, hata mistari miwili inatosha. Posta iko chini kwa kijiji, tunashuka kila Jumamosi. Nahesabu siku kwa vidole na vidole vimeisha.

*

Walikale
Tarehe 19 Desemba 1968

Mudogo wangu Isidore, na wewe Baba Honoré,

Nawasalimu kwa furaha kubwa. Hapa wote wazima. Papa Polycarpe ameanza kusuka nyavu mupya na hataki muntu amusaidie. Hilaire amepata kazi ya kupima mawe ya chuma kwa kompani ya madini, lakini anarudi kila Jumapili. Mvua inanyesha kila siku, muto umejaa mpaka kwa migomba ya chini.

Mutoto amezaliwa. Tarehe 14, siku ya Jumamosi, saa tatu ya asubuhi, hapa kwa maternité ya masera, watawa wa misioni. Ni binti. Iko na nguvu, na vidole mirefu kama ya baba yake. Masera Athanasie alimupima akasema hajaona mutoto muzito hivi mwaka huu. Mimi niko muzuri, nimeanza kutembea mpaka kwa kisima.

Baba Honoré, jina tunakungojea wewe. Papa yako amesema hapana muntu mwengine wa kumupa jina wakati baba yake iko muzima. Kwa sasa tunamuita Kadogo. Usikawie, maana Mama yako anakuja kumutazama kila asubuhi na anajua jina gani anataka kusikia, hata kama hasemi.

Honoré anauliza kama muntu anaweza kuingia ndani ya ile theluji kama vile ndani ya maji, akatoka upande mwengine. Nilimuambia nitauliza.

Adelaïde.

*

Praz-Morel
Tarehe 2 Februari 1969

Yaya Adelaïde,

Nakusalimu sana, na wote nyumbani. Unisamehe kwa kukawia. Barua yako niliipokea posta siku ya Jumamosi tarehe 18 Januari. Namshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto na kwa ajili yako. Nimeandika kwa Papa Lushebere kumpa habari.

Floribert anawasalimu. Hakuandika mstari wake kwa sababu mkono wake una jeraha la baridi. Huku vidole hupasuka. Amefurahi sana. Jina alilochagua ni Rosalie.

Honoré umwambie hapana, theluji si kama maji. Inapotembea ni kama maji, inakwenda kwa kasi kuliko camion ya mizigo, na inapita juu ya miti. Lakini ikisimama inakuwa kama simenti, wakati uleule. Mtu aliye ndani hawezi kusogeza hata kidole. Benoît anasema robo saa ya kwanza ndiyo ya maana, kwa sababu mtu bado ana hewa kidogo mbele ya uso wake. Baada ya hapo pumzi yake inaganda kama kioo mbele ya mdomo. Wanatafuta kwa fimbo ndefu za chuma, wamejipanga mstari mmoja, bega kwa bega. Wanachoma, wanapiga hatua, wanachoma tena. Fimbo ikigusa mwamba unasikia. Ikigusa mti unasikia. Wanasema ikigusa kitu kingine unasikia pia, ila mimi sijasikia.

Mwezi wa Desemba hapakuwa na mawingu, baridi ilikuwa kali, na theluji ilikuwa nyembamba. Benoît hakupenda. Alisema hivyo ndivyo ile sukari ya chini inavyotengenezwa. Kisha katikati ya Januari ilianguka siku tatu, na upepo wa magharibi uliikusanya upande mmoja wa mlima.

Sijui kwa nini nakuandikia haya yote. Ulitaka habari ya mtoto na mimi nakupa habari ya theluji. Nimechoka kidogo.

Isidore.

*

Walikale
Tarehe 20 Machi 1969

Mudogo wangu Isidore,

Nakusalimu. Nasi tuko hapa. Mutoto anacheka sasa. Honoré ametoka jino la mbele, analificha chini ya jiwe. Hilaire alitengeneza paa yangu upande wa jiko, sikumuomba, alikuja yeye mwenyewe na majani.

Barua yako ilisomwa kwa lupango, mbele ya wote, kama zile zingine. Hilaire njo alisoma. Alipofika kwa jina, Mama Elisabeth alisimama akaingia ndani ya nyumba. Papa Polycarpe akamuambia Hilaire asome tena mustari ule. Hilaire alisoma tena. Papa akasema pengine kule Ulaya muntu anasahau. Mimi nikasema Rosalie ni jina muzuri, ni jina ya mama yangu, na bwana yangu ameniheshimu.

Mama yetu alikufa miaka miwili kabla Floribert hajafika kwetu kuniposa. Hakumuona hata siku moja. Na Floribert, siku ya kuondoka kwenda Ulaya, pale kwa camion, aliniambia kama ni binti ataitwa Elisabeth. Alisema mbele yangu peke yangu.

Basi mutoto anaitwa Rosalie. Sikuuliza kitu.

Sikia sasa. Barua hii siipeleki kwa posta, Masera Athanasie anaipeleka. Kama kuna neno unataka kuniambia, andika kwa jina yake kwa misioni, atanipa kwa mukono. Zile barua za lupango, endelea kuziandika vile ulivyoanza. Salamu, hali ya hewa, jeraha la mukono. Usiongeze kitu ndani.

Unamukumbuka Françoise, jirani yetu. Bwana yake alikufa mwezi wa kumi kwa homa. Walilia siku zao, walinyoa nywele, kisha wazee wakakaa. Sasa vyungu vyake viko katika nyumba ya mudogo wa bwana yake, na yeye mwenyewe iko pale. Hakuna muntu aliyemupiga, hakuna aliyemutukana. Wanamutunza. Alipokuja kuniomba chumvi nilimuuliza, dada, uko namna gani. Akanijibu, "Niko pale waliponiweka."

Hilaire ni muntu muzuri. Siandiki neno baya juu yake. Alikuwa na miaka kumi na tatu nilipoolewa hapa, mimi njo nilikuwa namupikia.

Nataka kujua kitu kimoja tu. Ile theluji inaisha lini?

Adelaïde.

*

Praz-Morel
Tarehe 27 Aprili 1969

Yaya,

Theluji ya ule mteremko itayeyuka mwezi wa sita. Benoît anasema pengine katikati, pengine mwisho. Huko chini bondeni maua yameanza, lakini pale juu inalala nene kama nyumba mbili.

Nadhani umeelewa. Lakini nitakuandikia wazi, kwa sababu nimekaa na maneno haya miezi mitatu na sasa siwezi kula.

Tulikuwa katika nyumba ya msitu, huko juu, mimi na Floribert. Benoît alishuka kwa sababu ya homa siku moja kabla theluji ile kubwa haijaanza. Alipokuwa mlangoni alituambia: "Ikikoma, hesabuni siku mbili. Mna kuni, mna viazi. Siku mbili." Ilianguka siku tatu. Ijumaa ilikoma. Jumamosi tarehe 18 jua lilitoka, mbingu ilikuwa safi kabisa, na Floribert akasema tushuke.

Nilimwambia siku mbili hazijatimia. Akasema tuchimbe shimo tuone. Nilichimba mimi. Nilisoma ukuta kama tulivyofundishwa. Ile sukari ilikuwa pale chini, upana wa kiganja. Niliiona, Yaya. Nikajiambia kwamba mahali pengine iko nene zaidi, kwamba huku si mbaya. Nilitaka kushuka hata mimi. Siku nne ndani ya chumba kimoja chenye moshi.

Kuna mahali pamoja pa kuvuka, wanapaita La Blanche. Si pakubwa, hatua mia na hamsini, kutoka miti mpaka miti. Inapaswa kupita mmoja mmoja. Tulifungua mikanda ya mbao, tukafunga kamba nyekundu viunoni, nikapita wa kwanza. Katikati nilisikia sauti chini yangu, kama mtu mzito ameketi ghafla juu ya godoro. Nilisimama. Hakikutokea kitu. Nikaenda mpaka miti ya ng'ambo.

Yeye alikuwa amesimama ananitazama. Alipaza sauti akauliza, "Iko namna gani?"

Nikamjibu, "Imenibeba. Njoo."

Hayo njo maneno yangu. Ile sauti niliyoisikia sikumwambia.

Alifika karibu na katikati. Niliona ufa juu yake, mbali juu, mstari mwembamba kama uzi, unakimbia kutoka upande mmoja wa mlima mpaka upande mwingine. Kisha sehemu yote chini ya uzi ule ikavunjika vipande kama sahani, pamoja naye. Alinitazama. Hakulia. Alipiga mikono kama mtu anayeogelea, na mimi niliona kofia yake mara mbili, kisha sikuiona.

Chini, kamba yake ilikuwa juu ya theluji. Niliifuata mita tatu, nikichimba kwa mbao na kwa mikono, nikafika mwisho wake. Ilikuwa imekatika. Nilimwita mpaka nikakosa sauti. Kutoka pale kwenda kijijini ni saa moja kwa mbao. Nilifanya uchaguzi wa kuondoka na sijui kama ulikuwa uchaguzi mzuri. Watu arobaini walipanda na fimbo na mbwa mmoja. Walitafuta mpaka jioni, na siku nne zilizofuata, na Benoît pamoja nao na homa yake. Kisha theluji nyingine ikaanguka juu.

Kwa sheria ya huku hajafa. Wameandika kwamba amepotea, mpaka mwili uonekane. Mkurugenzi wa shule aliniuliza kama nimearifu familia. Nilimjibu ndiyo.

Tulikuwa tunashuka kwa sababu ya chumvi na mafuta ya taa.

Jina nililitoa mimi. Sikujua jina lingine wakati ule.

Isidore.

*

Walikale
Tarehe 9 Juni 1969

Isidore,

Nakusalimu. Mutoto ameanza kukaa peke yake. Papa Polycarpe alikuwa na kikohozi, kimepungua.

Masera alinipa barua yako kwa bustani ya misioni, kisha akajifanya anapalilia mustari mwengine. Nilisoma mara moja. Niliirudisha kwake aichome, maana sina mahali pa kuiweka. Nilikuwa ninajua tangu jina. Lakini nilikuwa ninajua kama vile unajua mvua iko inakuja, nguo bado zinakauka inje.

Siwezi kulia hapa. Ninaenda shambani kulia, ninarudi na kuni ili wasiulize nilikawia nini.

Hii miezi ambayo theluji imenipa sikuitupa. Niliandika kwa Papa yetu Lushebere aje anichukue, kwa sababu muntu wa kwetu akija mbele habari haijafika, koo mbili zinaweza kuzungumuza kwa utaratibu. Papa alijibu miguu haimufikishi hata kanisani. Akanitumia baraka. Nikamuomba Papa Polycarpe ruhusa ya kwenda kuonyesha mutoto kwetu. Alifikiri siku tatu. Alikubali, lakini Honoré abaki. Alisema njia ni mubaya kwa mutoto wa shule. Nilimutazama, naye alitazama nyavu zake. Sijui kama ndani ya roho yake anajua kitu.

Nitaondoka na camion ya Ijumaa, tarehe 20. Nikifika kwetu, nitatuma watu wazima wa ukoo waje kuongea juu ya Honoré. Pengine watasikilizwa, pengine hapana. Mutoto wa Walikale ni wa Walikale, hiyo ninaijua. Lakini nikiwa Lushebere nina sauti kidogo. Hapa, siku habari itafika, sitakuwa nayo.

Kama unaweza kuzuia watu wa shule wasipeleke telegramu mpaka mwezi wa saba, zuia.

Nina neno moja la kukuuliza. Uliandika kwamba barua yangu ya kuzaliwa kwa mutoto uliipata posta Jumamosi tarehe 18 Januari. Sasa unaandika kwamba siku ile ile Floribert alipotea. Na mimi ninamujua bwana yangu, hawezi kuacha moto kwa ajili ya chumvi. Mulikuwa munashuka kufuata nini?

Adelaïde.

*

Praz-Morel
Tarehe 14 Julai 1969

Yaya,

Barua yako ya tarehe 9 Juni imefika juzi. Imechelewa sana, au mimi.

Floribert alionekana Alhamisi tarehe 19 Juni. Benoît njo alimwona, akipita na mbwa wake chini ya La Blanche, pale kijito kinapotoka chini ya barafu. Nilipanda pamoja na wengine. Uso wake haukuharibika. Alikuwa mita kumi na mbili kutoka mahali nilipokuwa nimechimba siku ile. Nimepima kwa hatua, nikapima tena.

Mkurugenzi alipeleka telegramu kesho yake asubuhi kwa mtawala wa Walikale, kwa sababu ndiyo kazi yake. Nilikuwa bado mlimani. Niliporudi alinishika mkono, akaniambia mambo yote yamefanyika. Nilitaka kumwambia airudishe. Telegramu hairudishwi. Siku ileile wewe ulikuwa unapanda camion, na mimi sikujua.

Tulimzika Jumapili. Kijiji chote kilikuja, na Benoît alibeba mbele upande wa kulia. Padri alisema maneno mazuri, akikosea jina. Niliimba peke yangu wimbo mmoja wa kwetu na sikuufikisha mwisho.

Swali lako nalijibu. Alitaka kufuata barua yako. Siku zile alikuwa anaongea juu ya mtoto tu. Alisema posta inafungwa saa sita, tukiondoka saa tatu tutafika. Mama wa posta alinipa ile barua mkononi nikiwa nimekaa jikoni kwake, wamenifunika blanketi, wengine wakiwa bado wanakusanya fimbo. Niliifungua. Nilitaka kurudi juu nimsomee. Nilikuficha hiyo ili usiibebe. Umeniuliza, basi uko nayo.

Nikimaliza mtihani mwezi wa tisa wananirudisha Kongo. Nitakuja Walikale kupiga magoti mbele ya Papa Polycarpe. Niandikie kama uko Lushebere ao wapi. Niandikie kama unaweza kunisamehe.

Isidore.

*

Walikale
Tarehe 30 Agosti 1969

Mudogo wangu Isidore,

Nakusalimu. Barua yako nimeipata. Masera Athanasie anahamishwa Bukavu kesho, anaenda na hii. Baada yake hapana muntu mwengine wa kupitisha barua zetu.

Niliondoka kama nilivyokuambia. Jumamosi, hatujafika bado Nyabiondo, tulikuta kilima kimeshuka juu ya barabara na migomba yote. Watu wengi waliteremusha mizigo, wakavuka matope kwa miguu. Dereva alisema kantonye, watu wa kutengeneza barabara, watakuja kufungua Jumatatu. Mimi nilikuwa na mutoto mugongoni, na matope ilikuwa inafika kwa magoti, na ilikuwa inatembea bado. Nikasema ningoje. Nililala kwa nyumba ya bibi mumoja anayeuza ndizi. Kutoka pale mpaka kwetu ni siku moja na nusu kwa miguu. Kantonye hawakuja Jumatatu. Hawakuja Jumanne.

Jumatano Hilaire alifika. Alikuwa amepanda kinga, baiskeli yake, mpaka mpira ukapasuka, kisha akaisukuma. Alikaa chini kando ya barabara, akanywa maji. Kisha akasema, "Telegramu ilifika. Wamenituma nikurudishe."

Nikamuuliza, "Na wewe mwenyewe unasema nini?"

Alitazama matope. Wakati ule ilikuwa imekauka juu, watu walikuwa wanapita na mbuzi. Akasema, "Ukivuka, nitawaambia sikukukuta." Kisha akasema, "Lakini Honoré amekaa kwa barabara tangu juzi. Hataki kula kwa mukono ya muntu." Akaanza kulia kwa ajili ya mukubwa wake, na mimi nikalia, na bibi wa ndizi akachukua mutoto.

Nilirudi naye.

Wamelia. Nimenyolewa. Wazee walikaa, na vyungu vyangu viko kwa nyumba ya Hilaire. Yeye analala kwa jiko ya Mama yake, bado ananiita Mama Honoré. Papa yake ameanza kumuuliza mpaka lini. Hilaire hajibu, lakini si muntu wa kukataa papa yake mwaka muzima.

Mutoto wamemubadilisha jina, sasa ni Elisabeth. Ni haki yao, njo alivyotaka baba yake.

Unaniuliza kama ninakusamehe. Ninajua ulisema njoo kwa sababu ulifikiri ni salama. Ninajua alitaka kushuka kwa ajili yangu. Vitu hivi viwili ninaviweka pamoja kila siku, na havikai. Nisipoandika ndiyo, si kwamba nimeandika hapana.

Lakini kuna hii unapaswa kujua. Telegramu ilisema jina, na kwamba mwili umepatikana, na kwamba alipotea tarehe 18 Januari. Papa Polycarpe alimuambia Hilaire aisome tena tarehe. Kisha akaleta barua zako zote za lupango, akamusomesha moja baada ya nyingine. Salamu za Floribert za mwezi wa pili. Za mwezi wa tatu. Jeraha la mukono linapona, uliandika mwezi wa tano. Papa alijibu kila salamu wakati ule, unakumbuka, alikutumia maneno ya kumupa mutoto wake. Siku ile hakupiga kelele. Alizifunga na uzi wa nyavu akazitupa ndani ya Lowa, akasema jina yako lisisemwe kwa lupango yake. Mimi hawajaniuliza kama nilijua. Wakiniuliza sijui nitajibu nini.

Kwa hiyo usije Walikale. Hawatakuua, hawatakupiga, lakini hautaonyeshwa kiti, na mimi nitakuwa nimesimama kwa mulango ya Hilaire nikikutazama, bila ruhusa ya kukusalimu. Sitaki kukuona hivyo.

Ukiteremuka kwa ndege Goma, shika njia ya Masisi. Enda Lushebere. Umutengenezee Papa nyumba, umutafutie dawa ya miguu. Akiuliza habari yangu, sema umepata barua, sema Adelaïde ni muzima, watoto wote wawili wako naye.

Adelaïde.